Toba ya madhabahuni na mali za watu tulizonazo ndani: tuambizane ukweli

Mwanzisha uzi

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ambao si wa imani yetu, salamu zenu nyote.

Niko Dodoma, kanisani kwetu ninafundisha darasa la waumini wapya. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni muda mrefu.

Huku kwetu kiangazi ndio msimu wa mikutano ya injili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, mavuno yako ndani, watu wana vihela vya alizeti na mahindi, na viwanja vimekauka. Ukipita Kizota, Nkuhungu, Chang'ombe, unakuta jukwaa, maspika na jenereta. Ukitoka mjini kwenda Kongwa au Bahi ni hivyo hivyo. Jioni mhubiri anaita, watu wanatoka mbele, wanafuatisha sala ya toba, majina yanaandikwa kwenye daftari. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Nimeona walevi waliotoka pale wakaachana na pombe moja kwa moja, na wake zao wakaanza kulala usingizi.

Ninachokililia ni kinachofuata. Yule mtu tukimpata darasani tunamfundisha kuomba, kufunga, kutoa fungu la kumi, kuacha pombe na uzinzi. Vyote ni vyema. Lakini ni nadra sana kumsikia mwalimu akimwuliza: ndugu, una mali ya nani mkononi? Kuna mtu ulimdhulumu ambaye bado yuko hai na anakufahamu? Swali hilo tunaliruka, na tukiliruka tunamfundisha mtu toba nusu.

Tumsome Yohana Mbatizaji, Luka 3. Anawaambia watu, "Toeni matunda yapatanayo na toba." Makutano wakamwuliza, "Tufanye nini basi?" Naomba kila mmoja afungue Biblia yake aone majibu yalivyo. Watu wa kawaida: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Makundi matatu, na majibu yote matatu yanahusu nguo, chakula, pesa na kazi ya mtu. Huyu ni nabii aliyekaa jangwani akila nzige na asali ya mwitu, na wanafunzi wake walijulikana kwa kufunga. Angeweza kuwaambia wafunge. Lakini alipoulizwa toba inaonekanaje, alielekeza kidole mfukoni na kazini.

Kisha Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, Luka 19. Huyu tunamhubiri sana kwa ajili ya mkuyu na ufupi wake, watoto wanamwimba Sunday school. Kiini cha habari kiko mstari wa 8: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumba hii. Na hiyo mara nne haikutoka hewani. Kutoka 22:1 inasema aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza atalipa kondoo wanne kwa mmoja, na ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja. Hesabu 5 inasema aliyekosa aungame, arudishe kitu kizima, na aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Kwa hiyo aliyeungama mwenyewe, torati ilimtaka aongeze sehemu ya tano tu. Zakayo akajihukumu kwa kipimo cha mwizi aliyekamatwa. Hakuna aliyemsukuma.

Sasa nije nyumbani. Wakulima wa huku wanajua ninachotaka kusema.

Mwenye mahindi anapimiwa kwa ndoo ya plastiki. Ile ndoo ilipashwa moto ikapanuliwa tumboni, ukiitazama kwa mbali ni ndoo ya lita 20 kama nyingine. Ukiijaza utashangaa, inaendelea kumeza. Gunia nalo linajazwa lumbesa, linafungwa kichwa juu ya kichwa, wakati sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mahindi yale yakifika mjini yanauzwa kwa sado, lile kopo la kupimia, na ile sado kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Aliyelima amepunjwa, na mama wa Majengo anayenunua sado mbili apike ugali naye amepunjwa. Nabii Amosi, sura ya 8 mstari wa 5, aliwasikia wafanyabiashara wa siku zake wakingoja sabato iishe ili wauze nafaka, wapunguze efa, kipimo cha nafaka, na kuizidisha shekeli, uzito wa kupimia fedha. Watu walikuwa ibadani miili yao, akili ikawa inahesabu magunia. Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa BWANA.

Nimshuhudie mmoja, na jina lake nalihifadhi. Alikuwa mnunuzi wa mazao, anazunguka vijiji vya upande wa Kongwa, mzigo anaupeleka soko la Kibaigwa. Akaokoka kwelikweli, na mimi ni shahidi wa maisha yake tangu pale. Jumapili moja akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Akaeleza alivyokuwa akiwapunja wakulima, na namna Bwana alivyomtoa huko. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, ametoka kijiji kimojawapo kuja kumsalimia binti yake. Akamwinamia jirani yake akasema taratibu, "Na magunia yangu je?"

Lile neno lilinichoma kuliko mahubiri ya siku ile. Baada ya ibada nikamwambia yule ndugu nilichokisikia. Hakukasirika. Alikaa kimya, halafu akasema nyumbani ana makauntabuku ya manunuzi, majina yamo.

Akafunga safari na mzee mmoja wa kanisa. Kuna waliolipwa mahindi, kuna waliolipwa fedha, na kuna aliowaomba wamvumilie mpaka mavuno yanayofuata kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumaliza kwa mara moja. Wapo waliomtukana, na akapokea. Lakini aliyemliza ni mzee mmoja aliyekataa magunia kabisa. Alisema mwaka ule aliyapima mahindi yake nyumbani yakafika magunia fulani, yalipopimwa kwa ile ndoo ya mnunuzi yakapungua sana. Akaamini kijana wake ameyauza usiku. Akamfukuza nyumbani. Mzee akasema, "Mimi sitaki mahindi. Mwite kijana wangu, mbele yake useme ndoo ilikuwaje." Ikabidi kijana atafutwe, alikuwa amekimbilia Gairo kufanya vibarua. Akaja, na yule ndugu akasema mbele ya baba, mwana na majirani.

Ndugu zangu, yale mahindi yalikuwa na bei. Jina la yule kijana lingelipwa na nani, kama yule ndugu angeishia kulia madhabahuni na sisi tukampigia makofi?

Ninachosema ni hiki: dhambi ambayo ina mtu mwingine ndani yake, toba yake haikamiliki mpaka imfikie yule mtu, pale inapowezekana. Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 5 anasema ukileta sadaka yako na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, "uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Sisi siku ya sikukuu ya mavuno, mtu analeta magunia, yanapigwa mnada, anatajwa na kupongezwa, na wenye jasho la yale magunia wamekaa benchi la nyuma.

Na hili si jambo geni Dodoma. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati ikaundwa 1927, na kilichowasha moto baadaye ni Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi huko Uganda, alikuwa mwalimu hapa Dodoma miaka ya 1940 na 1950, shule ya Alliance. Yohana Omari, aliyewekwa wakfu 1955 kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, alikuwa mtu wa Uamsho. Wale ndugu walipoungama walilipa madeni na kurudisha vya wizi, hata vitu vidogo ambavyo mwenyewe alishavisahau. Waliita kutembea nuruni. Bibi na babu zetu wengine ni watoto wa moto ule. Kipi kilitutoa huko?

Karibuni tujadili, kwa upendo.

Mlokole wa Miyuji

Mtumishi, uzi ni mzuri lakini nina wasiwasi nao. Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Damu ya Yesu imelipa deni lote. Ukianza kumwambia mtu aliyeokoka jana kwamba toba yake haijakamilika mpaka alipe magunia, umemrudisha kwenye sheria. Na yule mwizi msalabani alirudisha nini? Aliambiwa siku ileile atakuwa peponi.

Mwanzisha uzi

Mlokole wa Miyuji, asante ndugu yangu, umegusa panapostahili kuguswa.

Neema naishika kwa mikono miwili. Hakuna magunia yanayonunua msamaha wa Mungu, hata angerudisha mara mia. Lakini endelea mstari mmoja tu mbele, Waefeso 2:10: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Halafu nenda 4:28 kwenye barua hiyohiyo, mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Paulo huyohuyo wa neema ndiye aliyesema mbele ya mfalme Agripa, Matendo 26:20, kwamba aliwahubiri watu watubu, wamwelekee Mungu, wakiyatenda matendo yanayopatana na kutubu kwao. Martin Luther naye, mwanamageuzi wa Ujerumani ambaye neema aliipigania mpaka akatengwa, hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517 ilikuwa kwamba Bwana wetu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba.

Deni langu kwa Mungu limelipwa msalabani. Deni langu kwa mama wa kijijini liko wapi? Kristo hakufa ili mimi nibaki na mahindi ya mjane.

Kuhusu mwizi msalabani: mikono ilikuwa imepigiliwa misumari, saa zimebaki chache. Hata hivyo soma alichofanya kwa kilichobaki huru, yaani mdomo. Alikiri kwamba wao wamehukumiwa kwa haki, akamkemea mwenzake, akamshuhudia Yesu kwamba hakutenda lolote lisilofaa. Alitoa tunda alilokuwa na uwezo nalo. Mimi na wewe mikono yetu iko huru na simu za kutumia pesa tunazo.

Mkatoliki wa Makole

Naomba nichangie kutoka upande wetu. Kwetu hili halijapotea, ingawa nakiri waumini wengi hulipita juujuu. Katika kitubio kuna majuto, kuna maungamo, na kuna malipizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki kifungu cha 1459 inasema wazi kwamba dhambi nyingi humwumiza jirani, na mtu afanye kila linalowezekana kutengeneza alichoharibu: kurudisha vilivyoibwa, kurudisha heshima ya aliyesingiziwa, kulipa majeraha. Padri anakuondolea dhambi, lakini maondoleo hayarudishi mbuzi wa jirani. Mtakatifu Agostino, karne ya 5, aliandika kwamba dhambi haisamehewi kama kilichochukuliwa hakirudishwi ilhali kinaweza kurudishwa.

Hilo la heshima ya aliyesingiziwa nalisisitiza, limefanana na la yule kijana wa Gairo. Umbea wa vikundi vya simu umeharibu ndoa za watu huku mitaani. Mtu anaungama umbea, anasali Salamu Maria zake, na kwenye kikundi hakuna alichosahihisha.

Mwanzisha uzi

Mkatoliki wa Makole, ubarikiwe. Hicho cha mwisho ningependa wachungaji wetu wakisome. Uongo ulisambazwa mbele ya watu mia mbili, radhi inaombwa kwa faragha kwa mtu mmoja. Haitoshi. Ulipochafulia ndipo usafishie.

Dada wa Kikuyu

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo. Mimi nina swali ambalo limenitesa. Baba wa mtoto wangu alituacha mtoto akiwa na miezi michache. Sasa ameokoka, anaimba kwaya, anaitwa mtumishi. Alinitumia ujumbe kwamba amenisamehe na anaomba nimsamehe, "yaliyopita yamepita, tugange yajayo." Ya mtoto hakugusia hata neno, na yuko darasa la nne. Nikisema, naambiwa nina uchungu moyoni. Je, mimi ndiye mwenye dhambi?

Mwanzisha uzi

Marahaba dada yangu. Na pole sana.

Uchungu wako si ushahidi kwamba hujasamehe. Mtoto anakula kila siku, ada, sare na daftari havingoji baba yake akue kiroho. Paulo kwa Timotheo, 1 Timotheo 5:8, anasema mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani kwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Hilo ni neno kali kuliko lolote ambalo mimi ningethubutu kuliandika hapa.

Kwa mtu wa namna hiyo, tunda la kwanza la toba lina jina, na jina lenyewe ni la mtoto wake. Kumtembelea, kumtunza, na kukaa nawe mezani mkiwa na mashahidi mkahesabu kilichopita kwa kadiri ya uwezo wake. Kumsamehe unaweza hata leo, hilo ni lako na Mungu. Kudai matunzo ya mtoto hakukufanyi mkosefu, sheria ya mtoto ya nchi hii inampa haki hiyo, na unaweza kuanzia ofisi ya ustawi wa jamii. Mchungaji wake naye aambiwe. Kama anamwimbisha kwaya bila kumwuliza habari za mtoto, naye ana sehemu yake.

Mama Mshauri

Niongezee hapo kwa dada, maana nimekaa na akina mama wengi kanisani. Kuna wanaume waliopiga wake zao mpaka hospitali, wakiokoka tu wanataka mama arudi nyumbani wiki hiyohiyo, na wazee wa kanisa wanamsukuma arudi kwa jina la msamaha. Wanangu, kusamehe ni jambo moja na kurudi ni jambo lingine. Mwanaume aliyetubu kweli hatamharakisha mke wake. Atakubali apimwe, atakubali watu wawe katikati, atakubali hata kama mke hatarudi kamwe. Akianza kusema "nimeshatubu, unataka nini tena," hapo mimi najua bado.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo. Hayo maneno ningeyapeleka darasani jinsi yalivyo. Mwana mpotevu kwenye Luka 15 alirudi akiwa tayari kuwa mmoja wa watumishi wa mshahara. Hakuja akidai chumba chake. Vazi na pete ni baba aliyevitoa, kwa hiari yake.

Kijana wa stoo

Nimesoma kimyakimya toka mwanzo. Mimi nilikuwa stoo ya kampuni moja, sitaitaja. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunatoa mzigo kidogokidogo, mimi na wenzangu. Niliacha, nimeokoka, nafanya shughuli nyingine. Nikirudi kusema naweza kufungwa, na nina mke na watoto wawili. Nikikaa kimya sina amani. Nikisali picha ya lile ghala inakuja. Nifanye nini?

Mkulima Kongwa

Mkuu usiende, utafungwa bure. Peleka hiyo hela kwa yatima, Mungu anaona moyo.

Mwanzisha uzi

Kijana wa stoo, nimekujibu pia inbox, lakini acha niandike na hapa kwa sababu wapo wengine wenye ghala zao.

Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Zakayo alipomaliza kuongea alikuwa maskini kuliko alivyoamka. Sina pia ahadi ya kukupa kwamba mwajiri atakukumbatia. Lakini usiende peke yako na usiende kwa kukurupuka. Anza na mchungaji unayemwamini kwamba anajua kufunga mdomo. Mshirikishe mke wako, maana litakalokupata litampata. Mwone mwanasheria kabla hujasema lolote kwa kampuni; kuna wanaotoa msaada wa kisheria bure. Anaweza kukuonyesha namna ya kuandika, nani apokee, na namna ya kulipa kwa awamu. Wenzako waliohusika, ungama ya kwako, usiwageuze ngao.

Soma barua ya Filemoni, ni sura moja. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na inaelekea alikuwa ameondoka na kitu. Akaongoka kwa mkono wa Paulo aliyekuwa kifungoni. Paulo hakumwambia "sasa umekuwa kiumbe kipya, sahau ya Filemoni." Alimrudisha, lakini alimrudisha na barua mkononi, na ndani yake akaandika kwamba kama amekudhulumu au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu. Mkosaji alirudi, na kanisa likasimama naye likiweka mfuko wake mezani. Ndiyo maana nasema hili si la mtu mmoja peke yake. Kanisa lako kama lina harambee ya spika mpya, linaweza pia kumchangia ndugu anayerudisha.

Mkulima Kongwa, yatima ni wa kusaidiwa kwa pesa zetu sisi. Pesa ya mtu anayejulikana na anayepatikana hurudi kwa mwenyewe. Hesabu 5:8 inaruhusu malipo yaende kwa BWANA, kwa kuhani, pale tu ambapo aliyekosewa hayupo wala hana jamaa wa karibu wa kupokea. Aliyekufa ana watoto, ana ndugu. Tuanzie huko kwanza.

Mkulima Kongwa

Nimekuelewa mkuu. Ila nawe nisikilize. Mimi ni mkulima, nimepunjwa kwa ndoo hizo miaka yote. Kuna mwaka mvua ilikata mwezi wa pili, nikauza mahindi yangu kwa bei ya njaa yakiwa bado mabichi shambani. Aliyenunua leo ni mtu mkubwa kanisani. Sitaki anilipe mara nne. Nataka siku moja anitazame machoni. Huwa akiniona anageukia upande wa pili.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimekusikia. Anakukwepa kwa sababu anakumbuka, na anayekumbuka bado hajawa mgumu kabisa. Mathayo 18:15 inampa aliyekosewa nafasi ya kwenda, wewe na yeye peke yenu. Ukitaka, nitumie inbox kanisa ni lipi, tutafute mzee mmoja wa pale ninayeweza kumpigia.

Mlokole wa Miyuji

Narudi. Nimesoma majibu yote, na la neema tumeelewana kuliko nilivyodhani mwanzo. Bado kuna kitu kimoja kinanisumbua. Yuda alirudisha. Mathayo 27, alivirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Akaenda akajinyonga. Petro hakurudisha kitu chochote, alilia tu. Na Petro ndiye aliyesimama. Unasemaje hapo?

Mwanzisha uzi

Hilo ni swali zito, na nashukuru umelileta kabla uzi haujazama.

Yuda aliona dhambi yake, akarudisha fedha, lakini alizipeleka kwa makuhani wakuu, wenzake katika uovu, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?" Kwa Yesu hakurudi. Paulo anaigawa huzuni mara mbili, 2 Wakorintho 7:10: iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu, na huzuni ya dunia hufanya mauti. Kwa hiyo kurudisha peke yake si toba. Mtu anaweza kulipa kila senti kwa hofu ya kukamatwa, au kwa kuchoka tu na lawama, na moyo ukabaki ulipokuwa.

Lakini siwezi kukubali kwamba Petro hakurudisha kitu. Alichochukua Petro kilikuwa ni kukiri kwake. Alimkana Yesu mara tatu mbele ya watu, penye moto wa makaa. Yohana 21, Yesu akamwuliza mara tatu, wanipenda? tena penye moto wa makaa, na wenzake wakiwepo. Petro akahuzunika kuulizwa mara ya tatu, akajibu vilevile. Kisha siku ya Pentekoste akasimama Yerusalemu, mji uleule alimomkana, akamtaja kwa sauti.

Jumatano jioni darasani tunaanza Luka 3. Mlioko mjini na mnaotaka kuja, nitumieni ujumbe niwaelekeze. Na yule ndugu wa makauntabuku amekubali kuja kuongea na wanaonunua mazao. Ameniomba iwe kabla ya mavuno, ndoo hazijatoka stoo.